Chonga Ubaoni Kinachobaki Karatasini: Uhakiki wa Istilahi za Chapa ya Lino

Istilahi ikikosewa katika sheria, Bunge huweza kuirekebisha. Ikikosewa katika kitabu cha jiografia, toleo linalofuata hulisahihisha kosa, na wanafunzi waliotangulia hawapati hasara kubwa. Lakini zipo kazi za mikono ambazo neno likipotoka, mkono nao hupotoka, na kilichokatwa hakiungiki tena. Miongoni mwa kazi hizo ni utengenezaji wa picha ya rangi nyingi kwa kuchonga na kuchapa ubao mmoja wa lino, hatua baada ya hatua, mpaka ubao wenyewe unakwisha. Kazi hiyo haijapata katika Kiswahili jina moja linaloeleweka na wote, na maneno yanayotumika kuielezea yanagongana.

Nia ya makala haya ni kuyapima maneno ambayo mfasiri hukutana nayo anapotaka kuifundisha kazi hiyo kwa Kiswahili, ili tuone yapi yanafaa, yapi yanapotosha, na kwa sababu gani. Hatutayapima kwa kamusi peke yake. Tutayapima kwa kazi yenyewe, na mfano wetu utakuwa picha ya mandhari ya shamba katika pwani iliyo kati ya Kaole na Mlingotini, kusini ya mji wa Bagamoyo.

Uchapaji si mgeni kwetu

Yako maoni kwamba sanaa ya namna hii ni ya wageni, na kwa hiyo hapana haja ya kuitafutia maneno. Maoni hayo hayana msingi. Neno chapa limo katika Kiswahili tangu zamani, nalo lilitufikia kwa njia ya biashara na Bara Hindi. Limeenea pengi: chapa ya ng'ombe, chapa ya bidhaa, kupiga chapa gazeti, Mpigachapa Mkuu wa Serikali. Kanga ni kitambaa kilichopigwa chapa, na wavaaji wake waliipa majina sehemu zake, yaani pindo, mji na jina, bila kusubiri kamati yoyote.

Katika fani ya picha, Nyumba ya Sanaa ya Dar es Salaam, iliyoanzishwa mwaka 1972, ilikuwa na wasanii waliochapa picha kutoka katika mabamba ya madini yaliyoliwa kwa asidi, akiwemo George Lilanga. Mjini Bagamoyo, Chuo cha Sanaa kilianzishwa mwaka 1981, nacho tangu mwaka 2007 kimekuwa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo. Sanaa za ufundi ni miongoni mwa masomo yake. Kusini mwa Afrika, John Muafangejo wa Namibia, aliyeishi kuanzia mwaka 1943 hadi 1987, alipata sifa duniani kwa chapa zake za lino, ambazo aghalabu zilichongwa picha na maneno pamoja.

Kadhalika, mtoto wa shule ya msingi anayekata kiazi, akakipaka rangi na kukigandamiza karatasini, amekwisha kuingia katika fani hii, tena kwa Kiswahili. Akifika sekondari huikuta fani ile ile kwa Kiingereza. Baina ya kiazi na lino hapana daraja la maneno, na anayeumia ni mwanafunzi, pamoja na mwalimu anayelazimika kujitungia daraja lake kila siku.

Kazi ilivyo

Hatuwezi kuyahakiki maneno ya kazi kabla ya kuifahamu kazi. Lino ni kifupi cha linoleamu, tandiko la sakafu lililobuniwa na Frederick Walton wa Uingereza katika miaka ya 1860. Hutengenezwa kwa mafuta ya mbegu za kitani yaliyogandishwa kwa hewa, yakachanganywa na unga wa gamba la mti utoao vizibo vya chupa, kisha mchanganyiko huo ukashikishwa juu ya kitambaa cha juti. Hapa lipo onyo la kwanza kwa mfasiri. Akiliita tandiko hili "zulia la plastiki", mwanafunzi atakwenda dukani na kurudi na plastiki nyembamba yenye sponji mgongoni, ambayo patasi huichana badala ya kuichonga. Afadhali neno lino libaki lilivyo, kama yalivyobaki injini na boneti.

Sasa tuichukue mandhari yetu. Maji yamekupwa. Juu kuna anga na mawingu. Upande mmoja kuna bahari na ngalawa yenye tanga jeupe. Mbele yetu kuna mchanga, na upande wa pili kuna minazi, kibanda cha makuti, na mikoko iliyosimama juu ya mizizi yake. Tunataka chapa 20 za picha hiyo, kwa hatua nne za rangi, kutoka katika ubao mmoja tu.

Kabla ya rangi yoyote, tunachonga ubaoni sehemu zitakazobaki nyeupe: mawingu, tanga na povu la mawimbi. Nyeupe hiyo si rangi. Ni karatasi yenyewe. Kisha tunaupaka ubao wino kwa rola mbili ndogo: samawati hafifu penye anga na bahari, manjano hafifu penye mchanga na miti. Tunaweka karatasi juu ya ubao, tunaisugua kwa mgongo wa mwiko au kuipitisha katika mashine, na kuibandua. Hiyo ni hatua ya kwanza.

Ubao unasafishwa. Sasa tunachonga sehemu zitakazobaki samawati hafifu, yaani anga, na zitakazobaki za manjano, yaani mchanga na upande wa paa unaopigwa na jua. Tunapaka wino wa buluu usio mzito, na kuchapa juu ya karatasi zile zile. Wino huo mmoja huzaa rangi mbili: ukiangukia samawati unakuwa bahari iliyokoza, na ukiangukia manjano unakuwa kijani cha minazi. Laiti tungeipaka manjano hatua ya kwanza mahali pote, bahari yetu nayo ingekuwa kijani. Katika hatua ya tatu tunachonga bahari na majani yenye mwanga, tunachapa hudhurungi, na vivuli vya minazi, tope na ukuta wa kibanda vinajitokeza. Katika hatua ya nne tunachonga kila kitakachobaki hudhurungi, na kuchapa rangi inayokaribia weusi. Kilichosalia ubaoni wakati huo ni mizizi ya mikoko, ubavu wa ngalawa na vivuli vichache.

Mambo mawili yanafuata. Kwanza, idadi ya chapa lazima iamuliwe siku ya kwanza. Ubao uliochapa samawati haupo tena. Umekuwa mizizi ya mikoko. Anayetaka chapa 20 hana budi kuanza na karatasi zaidi, tuseme 26, ili zitakazoharibika zisimpunguzie hesabu. Nazo kwa hatua nne ni migandamizo 104. Pili, kosa la mchongo halina dawa. Palipokwisha kuchongwa hapatachapa tena, hata kwa karatasi moja.

Jambo la tatu ni la kila uchapaji, lakini katika mandhari hudhihirika zaidi. Chapa hutoka ikiwa imegeuka, kulia kuwa kushoto. Asimamaye ufukweni Bagamoyo akitazama kaskazini, bahari iko kuliani kwake. Mchongaji akiichora ubaoni kama anavyoiona, karatasini bahari itahamia kushoto, na mandhari ya Bagamoyo itakuwa kama ya Kigoma. Kwa hiyo maelekezo yoyote yanayosema "upande wa kulia" bila kutaja kulia kwa ubao au kulia kwa karatasi ni maelekezo yenye ufa.

Maneno yaliyookotwa katika kamusi ya jumla

Hebu tumpe mfasiri ukurasa wa maelekezo ya kazi hii kwa Kiingereza, naye awe na kamusi ya jumla mkononi na asiwe amewahi kushika patasi. Tunaweza kutabiri atakachoandika.

Kwa kule kuweka karatasi mahali pale pale kila rangi inapochapwa, Kiingereza hutumia neno ambalo pia ni la kuandikisha wanafunzi, magari na makampuni. Mfasiri wetu ataandika "usajili wa karatasi". Mtumishi wa serikali akilisoma hilo atauliza fomu ziko wapi. Maana inayotakiwa ni kuoanisha: kona ya karatasi kukaa katika kona ile ile, ili buluu isiteleze juu ya manjano na mnazi usipate vivuli viwili. Uoanishaji ni neno lililopo na lenye kueleweka, na vipande viwili vya kadi vinavyobandikwa kuizuia karatasi twaweza kuviita vizuio vya kuoanishia.

Kwa chapa ya kwanza inayotolewa ili kuona kama kazi inakwenda sawa, atapata "ushahidi" au "uthibitisho", maneno ya mahakamani. Chapa ya majaribio yatosha. Kwa fungu zima la chapa zilizotoka katika ubao mmoja, ataandika "toleo", ambalo wasomaji wetu wanalijua kwa vitabu na majarida. Hapa pana hatari ya maana kamili. Toleo la kwanza la kitabu huweza kufuatwa na la pili, na kitabu huweza kupigwa chapa upya. Fungu la chapa 20 za picha yetu halifuatwi na jingine, maana ubao umekwisha. Kwa hiyo tunapendekeza fungu, na chapa yenye nambari 7/20 isomwe: chapa ya 7 katika fungu la 20.

Kwa kile kipande kinachochongwa, kamusi itampa mfasiri "tofali" au "bonge". Ubao unafaa zaidi, hata pale ambapo kinachochongwa si mti, kwa kuwa lino aghalabu hugundishwa juu ya ubao ili isikunjike. Na pale mashine inapokuwa na sehemu bapa ya kulalia ubao, atakayeandika "kitanda" hatakuwa amekosea sana, kwani Kiswahili nacho hukiita kitanda kiunzi cha mfumaji. Ila na aeleze kwamba ni kitanda cha mashine.

Jina la mandhari lenyewe nalo lataka uangalifu. Kuandika "mandhari ya kijijini" kwa kila picha isiyo ya mjini si sahihi. Tangu Sheria ya Vijiji na Vijiji vya Ujamaa ya mwaka 1975, kijiji kimekuwa pia chombo cha utawala, chenye mipaka na halmashauri. Watu wa pwani wana neno lao la zamani la mahali pasipo mji: shamba. Picha ya minazi na mikoko isiyo na nyumba hata moja haiwezi kuwa ya kijijini, lakini ya shamba yaweza.

Utata ulio ndani ya Kiswahili chenyewe

Makosa tuliyoyataja huonekana upesi, na msomaji huyacheka. Yaliyo hatari zaidi ni yale yasiyochekesha, yanayotokana na maneno yetu wenyewe tuliyoyazoea.

Tulichukue neno toa. Kutoa ni kuzaa kitu: mpigachapa hutoa kitabu, ubao hutoa chapa. Na kutoa ni kupunguza: kumi ukitoa tatu hubaki saba. Mwanafunzi akiambiwa "sasa toa manjano", afanye lipi? Achape manjano, au aiondoe? Neno ondoa nalo haliponyi. "Ondoa rangi ya manjano" kwa mtu mwenye kitambaa mkononi ni amri ya kuufuta ubao, si ya kuuchonga.

Lakini neno linaloharibu kazi kuliko yote ni acha. Maelekezo husema: "Acha sehemu zote za manjano." Mwalimu aliyeyaandika alikusudia kwamba manjano isifunikwe na buluu, ibaki kuonekana katika picha. Mwanafunzi anasoma "acha", naye anaacha: hapagusi mahali hapo kwa patasi. Ubao unapopakwa buluu, mchanga wote unapakwa buluu, na ufuko wa Mlingotini unazama chini ya bahari katika karatasi zote 26. Mwanafunzi huyo hakukosa utii, ametii neno. Na mwingine, akidhani ameelewa mtego, atachonga kila anapoambiwa acha, hata pale ambapo safari hii palitakiwa pasiguswe. Huyo atakuwa ameupoteza ubao.

Chanzo cha utata huu si umaskini wa lugha. Ni kwamba katika uchapaji huu kitu kimoja kina hali mbili zinazopingana: kinachotaka kubaki katika karatasi lazima kiondoke katika ubao. Mwandishi asiyetaja mahali anazungumza na msomaji kwa nusu ya sentensi. Nacho Kiswahili kina dawa yake tayari, dawa ambayo lugha ya ukurasa tunaoutafsiri haina kwa wepesi huo: kiambishi cha mahali. Tukisema "chonga ubaoni kinachobaki karatasini", hapana mtu atakayekosea. Sentensi hiyo ina maneno manne, nayo yaweza kubandikwa ukutani mwa karakana yoyote.

Kwa hiyo tunashauri kwamba katika maelekezo ya kazi hii toa, ondoa na acha yasitumike kamwe pasipo kutaja mahali. Kitendo cha patasi kiitwe kuchonga, nacho kiwe cha ubaoni siku zote. Kitendo cha rangi kisichofunikwa kiitwe kubaki, nacho kiwe cha karatasini siku zote. Vivyo hivyo kwa kulia na kushoto: kulia ubaoni, kulia karatasini.

Maneno ya mafundi, na mipaka yake

Yasemwa mara kwa mara, na ni kweli, kwamba istilahi bora ni ile iliyokwisha kukaa kinywani mwa wafanyakazi. Wachongaji wa Kimakonde waliyaita makundi ya vinyago vyao ujamaa, shetani na mawingu, na majina hayo yamefika katika majumba ya makumbusho ya ng'ambo bila kufasiriwa. Jina la Edward Saidi Tingatinga, aliyefariki mwaka 1972, limekuwa jina la namna nzima ya kuchora. Bagamoyo nako, mji wa milango yenye nakshi, kuna maneno ambayo mwandishi wa maelekezo ya lino hana sababu ya kuyaruka: patasi, juba, bobari kwa patasi yenye makali ya mviringo, kinoo cha kunolea, msasa, tupa. Mfasiri anayeandika "kisu cha kuchimbia chenye umbo la herufi U", hali bobari lipo, anajitwisha mzigo usio wake.

Hata hivyo, neno la fundi halina kinga dhidi ya uhakiki. Mfano ni kuchora. Kwa mchongaji wa milango, kuchora ni kutia nakshi katika mti kwa patasi. Ndiyo maana ya zamani ya neno hilo. Kwa mwanafunzi wa leo, kuchora ni kupitisha penseli juu ya karatasi. Fundi mzee akimwambia kijana "chora mawingu", mmoja ataongeza mistari na mwingine ataondoa lino. Wote wawili wanasema Kiswahili safi. Kwa kuwa shule zimekwisha kuieneza maana ya penseli, hatuoni njia ila kukubali kwamba katika fani hii kuchora ni kwa penseli na kuchonga ni kwa patasi. Nakshi ya mlango na iendelee kuchorwa. Hatumnyang'anyi fundi neno lake katika kazi yake.

Jina la kazi yenyewe

Imebaki kulitafuta jina la uchapaji huu wa rangi nyingi kwa ubao mmoja unaokwisha. Picasso aliupa umaarufu huko kusini mwa Ufaransa mwishoni mwa miaka ya 1950. Katika Afrika Mashariki, Fred Mutebi wa Uganda, aliyesomea Makerere, amejulikana kwa picha za rangi nyingi za namna hii, akichonga mti badala ya lino. Kiingereza huuita kwa neno lenye maana ya kupunguza, kwa hiyo wafasiri wengi watashawishika kuandika "chapa ya punguzo" au "uchapaji wa upunguzaji".

Tunalikataa pendekezo hilo kwa sababu tatu. Punguzo limekwisha kuchukuliwa na bei, na chapa ya punguzo itadhaniwa kuwa inauzwa rahisi. Upunguzaji, kwa watumishi, hukumbusha watu kuondolewa kazini. Na la tatu ndilo zito: katika mambo ya picha, kupunguza ni kufanya ndogo. Chapa iliyopunguzwa ni picha ile ile katika kipimo kidogo. Istilahi inayoleta maana nyingine ndani ya fani ile ile haifai hata ikiwa fupi na tamu.

Jina "chapa ya ubao mmoja" lina sifa ya kuitofautisha kazi hii na ile inayotumia ubao wake kwa kila rangi. Lakini hata chapa ya rangi moja hutoka katika ubao mmoja. Jina hilo ni la kweli, ila halitoshi. "Chapa ya hatua" nalo halitoshi, maana hakuna uchapaji wa rangi nyingi usio na hatua.

Lipo neno kumega. Ubao humegwa kidogo kidogo kama tonge katika sinia, na kilichomegwa hakirudi. Taswira ni nzuri, nasi tulivutwa nayo. Ila kumega ni kwa mkono na hakuhitaji chombo, na lugha ya mitaani imelibebesha neno hilo maana ya utani ambayo mwalimu wa vijana hatafundisha nayo dakika tano bila darasa kucheka. Istilahi haina budi kupita darasani.

Tunapendekeza kukomba. Mtu hukomba dafu kwa kijiko mpaka kifuu kinabaki kitupu, hukomba chungu, na aliyechukuliwa fedha zote husema amekombwa. Neno hili lina mambo mawili tunayoyataka kwa pamoja: kuna chombo kinachokwangua kwa ndani, kama bobari inavyofanya katika lino, na kuna kumaliza pasipo kubakiza. Chapa ya kukomba, basi, ni chapa itokayo katika ubao unaochongwa na kuchapwa kwa zamu mpaka umekwisha. Ubao wake ni ubao wa kukomba. Kazi yake ni ukombaji.

Twatazamia pingamizi moja yenye haki. Kukomba ni kumaliza kabisa, ilhali katika hatua ya kwanza mchongaji huondoa mawingu na tanga tu. Jibu letu ni kwamba jina la kazi hutaja mwisho wake. Kitendo cha kila hatua tumekwisha kukipa neno lake, kuchonga. Kukomba ni jina la safari nzima. Tena jina hili linamwonya mwanafunzi kabla hajaanza. Akisikia kwamba anakwenda kukomba ubao, atauliza mwenyewe: zitatoka chapa ngapi, na je, zaweza kuongezwa baadaye? Hilo ndilo swali la kwanza la kazi hii, na istilahi inayomfanya mwanafunzi aliulize imekwisha kufanya nusu ya kazi ya mwalimu.

Pendekezo

Kwa muhtasari, tunawaomba wafasiri na walimu wayajaribu maneno haya: lino, ubao, chapa kwa picha iliyochapwa, kuchora kwa penseli na kuchonga kwa patasi, bobari, uoanishaji na vizuio vya kuoanishia, chapa ya majaribio, fungu, chapa ya kukomba. Tunasema wayajaribu, maana Baraza la Kiswahili la Taifa, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1967, lina utaratibu wake wa kusanifu, na makala hayachukui nafasi ya kamati.

Lakini tunaongeza ombi moja kwa kamati yoyote itakayoyapokea. Desturi yetu imekuwa kuyajadili maneno mezani, kila mtu na kamusi yake, na kuyapitisha kwa hoja. Kwa istilahi za kazi za mikono utaratibu huo haukamiliki. Yafaa maelekezo ya ukurasa mmoja yaandikwe kwa maneno yanayopendekezwa, apewe kijana mwenye patasi, ubao na wino, asiyejua Kiingereza cha fani hiyo wala hajaonyeshwa kazi kwa macho. Mwandishi akae kimya. Kijana akifika rangi ya nne na mchanga ungali wa manjano, maneno yamefaulu. Bahari ikipanda juu ya ufuko, maneno ndiyo yaliyokosea, na yarudishwe kamatini. Gharama ya jaribio hilo ni kipande cha lino na siku chache za kungoja wino ukauke katika unyevu wa pwani. Gharama ya kutolifanya hulipwa na kila mwanafunzi, kila mwaka, kwa ubao wake.